Kwa Nini Hakumposa Hosna?

Ukiwakuta watu wawili waliokisoma kitabu cha yule Msudani, Tayeb Salih, kiitwacho kwa Kiarabu Mausim al-Hijra ila al-Shamal, yaani Msimu wa Kuhamia Kaskazini, aghalabu utawakuta wakibishana juu ya mtu mmoja tu: Mustafa Sa'eed. Huyu atasema Mustafa alikuwa mgonjwa wa nafsi. Yule atasema la, alikuwa akiwalipizia Waafrika kisasi chao kwa Waingereza, tena kwa silaha mbaya, kwa kuwatumia wanawake. Mjadala huo huwa mtamu na huwa mrefu, wala sina ugomvi nao. Mustafa ameumbwa ili avute macho. Amezaliwa Khartoum mwaka 1898, mwaka ule ule jeshi la Kitchener lilipouvunja utawala wa Khalifa pale Omdurman. Hana baba, ana akili kali kama wembe, anasomeshwa Cairo na kisha London. Wanawake watatu wa Kiingereza wanajiua, naye akalaumiwa kwa hayo. Wa nne, mkewe, anamwua kwa mkono wake mwenyewe na kufungwa miaka 7. Mtu wa namna hiyo akiingia kitabuni, waliobaki huonekana kama viti na meza.

Mimi nimekisoma kitabu hicho mara tatu, na mara ya kwanza nilikuwa kijana nami nikanaswa na Mustafa kama wenzangu. Mara ya tatu ilikuwa majuzi, na swali lililoninyima usingizi halikumhusu Mustafa hata chembe. Lilimhusu yule anayetusimulia. Jina lake silioni kuwa na haja hapa, nitamwita Msimulizi. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka: kwa nini hakumposa Hosna?

Kwa yule ambaye hajakisoma, nitaeleza kwa ufupi. Msimulizi ni kijana wa kijiji kimoja kwenye pinda la mto Naili, kaskazini ya Sudan. Amekaa Uingereza miaka 7 akisoma, na shahada yake kubwa ameichukua kwa kuchunguza maisha ya mshairi mmoja wa Kiingereza asiyejulikana sana. Anarudi kwao na anamkuta mgeni, Mustafa Sa'eed, aliyekuja kijijini miaka mitano nyuma, akanunua shamba, akaoa binti wa pale, Hosna binti Mahmoud, na wakapata watoto wawili wa kiume. Mustafa anamfungulia Msimulizi siri yake. Kisha mto unafurika na Mustafa anatoweka, maiti yake haionekani. Anaacha barua: mke, watoto na mali yote viko chini ya uangalizi wa Msimulizi. Amemwachia amana, kwa neno letu wenyewe.

Baadaye anatokea Wad Rayyes. Huyu ni mzee aliyekwisha kupita miaka 70, rafiki wa babu yake Msimulizi, mtu wa kuoa na kuacha, kuoa na kuacha, kama mtu abadilishaye kofia. Moyo wake umeangukia kwa yule mjane. Baba yake Hosna amekubali, na kaka zake wamekubali. Hosna hataki. Msimulizi anakwenda kuzungumza naye jioni, giza likiingia, na Hosna anamwambia wazi kwamba wakimlazimisha atamwua huyo mzee, kisha ajiue mwenyewe. Mwadhini anaadhini sala ya isha. Msimulizi anainuka na kwenda zake bila ya kusema neno.

Ndugu msomaji, hapo ndipo mimi nilipokiweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo. Mtu ameambiwa na mwanamke aliye katika amana yake kwamba kutatokea vifo viwili. Hakusema "usifanye", wala hakusema "nitakusaidia". Alisikia adhana akaondoka, kama kwamba adhana ilikuwa ruhusa ya kukwepa!

Kesho yake rafiki yake, Mahjoub, anamwuliza shambani: mbona humuoi wewe? Moyo wake unaruka. Anajijua kwamba ameguswa. Lakini anapanda lori, anavuka jangwa, anarudi Khartoum kwenye kazi yake ya wizara ya elimu. Huko nyuma Hosna anakwenda kwa baba yake Msimulizi, yeye mwenyewe, kwa miguu yake, kumwomba mzee amwambie mwanawe amwoe, hata kama ni ndoa ya jina tu, ili aachwe alee wanawe. Hakutaka kwake zaidi ya hapo. Watu wa nyumba ile waliona kuwa ni utovu wa haya. Basi baba yake Hosna akamtukana, akampiga, akamwoza kwa Wad Rayyes. Yaliyotokea katika chumba kile usiku siyaandiki hapa, kwa kuwa gazeti hili husomwa na watoto pia. Itoshe kusema kwamba Hosna alitimiza ahadi yake, yote miwili: ya mzee na ya nafsi yake.

Haya, tuulize sababu. Waliosoma ilimu ya nafsi hutwambia kwamba mtu hatendi jambo, wala haachi kulitenda, ila moyoni mna kitu kinachomsukuma, na mara nyingi kitu hicho mwenyewe hakijui au hataki kukijua. Nimewasikia watu wakitoa majibu matatu.

Jibu la kwanza ni kwamba Msimulizi alikuwa na mke tayari Khartoum, na binti mdogo. Jibu hili huenda likamtosha msomaji wa London. Msomaji wa pwani yetu halimtoshi. Kisheria hakikuwapo kizuizi. Mahjoub aliyempa shauri hilo alijua kwamba rafiki yake ana mke, na hakuona ajabu yoyote. Hatuoni popote Msimulizi akisema kwamba anamwogopa mkewe au anamhurumia. Mkewe hatajwi ila kwa kupita tu. Mtu akiwa na udhuru huutaja, tena huutaja mbio mbio. Yeye hakuutaja kwa kuwa haukuwa udhuru wake.

Jibu la pili ni kuwa alikuwa mwoga. Hili lina ukweli kidogo, lakini ni neno la uvivu. Woga wa nini? Wad Rayyes ni mzee. Baba wa Hosna si mfalme. Msimulizi ni msomi, mtoto wa watu, kijiji kizima kinamjivunia, na wosia wa marehemu uko mkononi mwake. Tena angekuwa mwoga wa kawaida asingemrukia Mahjoub shingoni baadaye na kutaka kumnyonga, Mahjoub aliposema kwamba Hosna hakustahiki hata kuzikwa. Nguvu alikuwa nazo. Zilikuja baada ya maziko.

Jibu la tatu ni zito zaidi, na ndilo nililolishika kwa muda mrefu. Nalo ni kwamba Msimulizi alitaka kubaki safi. Alikwisha kusikia habari za Mustafa na wanawake wa London. Alikwisha kumwona Wad Rayyes akitokwa na mate juu ya mjane wa mtu. Alipojipekua moyoni akaona kwamba naye anamtamani Hosna, alishtuka, akajiona kuwa ana ugonjwa ule ule. Sasa akimwoa, atakuwa tofauti gani nao? Atakuwa amekula amana. Basi akaona heri aondoke, mikono yake iwe mitupu na myeupe.

Fikra hiyo nzuri kuisikia, lakini itazame vizuri utaona kwamba ndani yake Hosna hayumo. Mna Msimulizi na moyo wake, na Msimulizi na heshima yake mbele ya kioo. Hosna hakumwomba mapenzi. Alimwomba jina, kivuli cha kujisitiri. Kama mtu anazama na wewe unaona haya kumshika mkono kwa sababu moyoni una kitu juu yake, haya hiyo haimfai mtu ila wewe. Hata hivyo siamini kwamba huo ndio mwisho wa shimo. Ipo sababu nyingine chini yake, na dalili zake ziko mwanzoni kabisa mwa kitabu, mahali ambapo wengi hupapitia mbio ili wamfikie Mustafa.

Mwanzoni Msimulizi anatueleza jinsi alivyokuwa na kiu ya kwao. Miaka 7 kwenye baridi alikuwa akiwaota watu wake. Asubuhi ya kwanza anautazama mtende uani, anasikia upepo, anajiona kwamba yeye si unyoya unaopeperushwa, bali ni kama mtende ule, una mizizi. Kisha anakwenda kwa babu yake, Hajj Ahmad, mzee wa karibu miaka 90, na nyumba yake ya udongo na tasbihi yake na masahaba wake wa miaka yote. Babu huyo kwake si mtu tu. Ni ushahidi kwamba dunia ipo pale pale alipoiacha. Anamfananisha na miti ile ya jangwani yenye gome nene na miiba, isiyokufa kwa kuwa haidai mengi. Yeyote aliyekaa ugenini ataielewa hali hiyo. Wangapi kwetu wamekaa Jidda, Maskati, Dubai au London, na usiku wakijifunika blanketi hukitembelea kijiji chao nyumba kwa nyumba, na kila nyumba wakaikuta imepakwa chokaa mpya? Mwandishi mwenyewe alikuwa mmoja wao. Tayeb Salih alizaliwa kaskazini ya Sudan mwaka 1929, akafanya kazi miaka mingi katika idhaa ya Kiarabu ya BBC huko London, na London ndiko alikofia mwaka 2009.

Sasa mtazame Wad Rayyes amekaa wapi. Amekaa kwa babu! Hakutoka porini, ni sahibu wa Hajj Ahmad, anacheka naye, anasali naye, wanakumbushana ujana wao. Na anayemfikishia Msimulizi habari ya posa hiyo ni babu huyo huyo. Kumpinga Wad Rayyes kwa dhati, si kwa kufoka kidogo kisha kwenda zako, ni kusimama mbele ya babu na kumwambia: mnalotaka kulifanya ni dhuluma, na nyumba hii iliyoniota ugenini miaka 7 imo katika dhuluma hiyo. Na angelisema hivyo, mtende ule usingekuwa tena mtende ule.

Hiyo ndiyo sababu, kwa maoni yangu. Hakumwogopa mtu. Aliogopa kuipoteza picha ya kwao. Alikuwa amekwisha kuipoteza Ulaya, maana Ulaya haikuwa yake. Khartoum, kwa alivyowaona wakubwa wa siku zile, magari yao na mikutano yao ya fahari, hapakumpendeza. Kilichobakia ni kijiji. Alihitaji kijiji kiwe chema, kama mgonjwa anavyohitaji dawa iwe dawa. Na ili kijiji kiendelee kuwa chema machoni pake, ilimbidi asiangalie upande aliokuwako Hosna. Sisemi kwamba alikaa akapiga hesabu hiyo. Hesabu za namna hii hupigwa moyoni bila ya kalamu.

Najua kuna watakaonijia juu. Rafiki yangu mmoja, mwalimu, tuliyezungumza naye jambo hili baada ya sala ya ijumaa, aliniambia kwamba ninamwonea Msimulizi na kwamba mkosaji mkubwa ni Mustafa. Hosna, alisema, alikuwa msichana wa kijiji kama wenziwe mpaka alipoolewa na mtu aliyetoka Ulaya. Akambadilisha, akamtia fikra za kizungu, na huko kukataa kwake ndiko matunda yake. Nilimwambia kwamba hayo ni maneno ya Mahjoub, na Mahjoub kitabuni ni mtu mwema lakini hapo amekosea. Kijiji kizima kilisema hivyo hivyo, kwamba mwanamke yule ameharibika, kwa kuwa ni rahisi kuliko kusema kwamba baba yake ameharibika.

Tangu lini mwanamke kukataa kuozwa asiyemtaka ikawa ni fikra ya kizungu? Sisi tuliokaa chuoni mbele ya ubao wa mwalimu tulifunzwa kwamba mwanamke aliyekwisha kuolewa ana haki juu ya nafsi yake kuliko walii wake. Na kwamba bikira huombwa idhini, na kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Habari ya Khansa binti Khidam imo katika Sahihi Bukhari. Alikuwa mwanamke aliyekwisha kuolewa, baba yake akamwoza mtu asiyemtaka, akaenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na Mtume akaibatilisha ndoa ile. Na Sura ya An-Nisaa inawakataza waumini wasiwarithi wanawake kwa nguvu. Hapana London katika hayo. Hosna angelipata pale kijijini mtu mmoja tu mwenye sauti wa kuyasimamia, angekuwa hai, analea wanawe. Kijiji hakikuwa na upungufu wa sala wala tasbihi wala mahujaji. Kilipungukiwa na mtu wa kufungua kinywa, na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kukifungua alikuwa njiani kwenda Khartoum.

Na hapa kitabu kinafanya jambo ambalo sijui kama mwandishi alilikusudia. Sheria inasema kimya cha bikira ni idhini. Katika kitabu hiki Hosna, mjane, hakunyamaza hata kidogo. Alisema kwa Msimulizi, akasema kwa baba yake Msimulizi, akasema kwa baba yake mwenyewe mpaka akapigwa. Aliyenyamaza ni mwanamume msomi. Na kimya chake ndicho kilichochukuliwa kuwa idhini. Wazee waliona: yule aliyeachiwa wosia amekuja, amezungumza naye, amerudi zake kazini. Basi shauri limekwisha.

Kuna mwanamke mwingine mle ambaye wachambuzi humtaja kwa mstari mmoja, nami ningependa akae kidogo hapa. Ni Mabrouka, mke mkubwa wa Wad Rayyes. Watu walipokuja kumpa mkono wa tanzia aliwaambia waende wakashike kazi zao, mumewe amejichimbia kaburi mwenyewe, na akapiga vigelegele. Walimwona mwenda wazimu. Mimi namwona kuwa ndiye mtu wa pekee katika kijiji kile asiyekuwa na picha ya kuihifadhi. Miaka yote alikaa ndani ya nyumba ile, alijua ilivyojengwa. Hakuwa na mtende wa kuutazama dirishani.

Nimesema nimekisoma kitabu mara tatu. Lazima niseme pia kwa nini mara hii ya tatu kilinikamata pabaya, maana si haki nimhukumu mtu wa kitabuni nami nimejificha nyuma ya kalamu.

Zamani, mtaani kwetu hapa Mombasa, alikuwako mjane wa rafiki yangu. Eda ilipokwisha, kaka zake wakataka kumwoza mfanyabiashara mmoja aliyewazidi wote kwa umri, na nyuma yake kulikuwa na mambo ya madeni. Hakutaka. Akamtuma mwanawe, mtoto wa miaka kumi hivi, aje kwangu. Mtoto alisimama mlangoni, akasema kama alivyofunzwa: "Mama akusalimu sana, asema uzungumze na wajomba, wewe watakusikiliza." Nami nilijua kwamba ni kweli, wangenisikiliza. Nilimpa mtoto shilingi, nikamwambia, "Mwambie mama, nitaona."

Jioni ile nilikwenda barazani kama kawaida yangu. Kaka zake wote wawili walikuwapo. Tulikunywa kahawa, tukazungumza habari za mpira na bei ya nguru iliyopanda. Mara mbili nilifungua kinywa na mara mbili nikakijaza tende. Nilijiambia kwamba mambo ya watu na dada yao si yangu, na kwamba mtu akiingilia ndoa huonekana ana lake. Maneno yote mazuri! Lakini sababu haikuwa hiyo. Baraza ile nimekaa tangu nikiwa mtoto wa kutumwa makaa. Baba yangu alikaa pale. Nilitaka kesho pia nije nikute nafasi yangu, kikombe changu na watu wale wale wakicheka. Ningesema neno lile, baraza ingekuwapo lakini isingekuwa ile.

Mjane yule aliozwa. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Alihamishwa mji, na muda si mrefu yule mfanyabiashara naye akafariki, akawa mjane mara ya pili. Mwanawe sasa ni mtu mzima, ana ndevu na duka lake. Akipita mbele yangu hunipa salamu kwa adabu zote. Sijui kama anakumbuka ile shilingi. Mimi naikumbuka.

Kwa hiyo ninaposema kwamba Msimulizi hakuogopa mtu bali aliogopa kuipoteza picha, sisemi kwa kuwa nimesoma vitabu vingi vya ilimu ya nafsi. Sikuvisoma. Nasema kwa sababu naijua ladha ya tende zile.

Wako watakaouliza, je, angemwoa, ingekuwa salama? Pengine isingekuwa. Alikuwa anampenda, na yeye Hosna alitaka jina tu. Huenda nao wangepata shida yao. Lakini hiyo ingekuwa shida ya watu walio hai. Wala hakulazimika kumwoa. Angeweza kubaki kijijini wiki mbili zaidi. Angeweza kumwendea kadhi. Angeweza kumchukua mwanamke na watoto wake akawakalisha Khartoum kwa mkewe. Njia zilikuwa nyingi, na zote zilianzia mahali pamoja, nazo ni kumkabili babu. Msomaji akitaka kujua mtu alikuwa anaogopa nini, aziangalie zile njia ambazo hakuzifikiri hata kwa mawazo.

Kitabu hiki kilitolewa Beirut mwaka 1966, na Kiingereza chake kikafuata mwaka 1969 kwa mkono wa Denys Johnson-Davies. Mwaka 2001 wanazuoni wa lugha ya Kiarabu huko Damascus walikitaja kuwa riwaya ya Kiarabu iliyo muhimu kuliko zote za karne ya 20. Nadhani waliokitukuza walikuwa wakimfikiri zaidi Mustafa na Ulaya, na haki yao. Lakini Mustafa ni mtu wa mara moja katika miaka mia. Msimulizi unaweza kumkuta leo usiku, barazani, kikombe mkononi.

Mwisho wa kitabu, baada ya kuona yote, baada ya kukifungua kile chumba cha Mustafa na kukikuta kimejaa vitabu wala hamna cha Kiarabu hata kimoja, Msimulizi anaingia mtoni usiku kuogelea. Anafika katikati, nguvu zinamwisha, ukingo wa kaskazini uko mbali na wa kusini uko mbali. Hapo anatambua kwamba maisha yake yote hakupata kuchagua wala kukata shauri, na sasa anachagua kuishi. Anapiga ukelele wa kuomba msaada kwa nguvu zake zote. Kitabu kinakatika papo hapo, yeye yumo majini anaita, na Tayeb Salih hakutwambia kama ukingoni alikuwako mtu.